Ujumbe Huu Umetoka Wapi? Kutenganisha Kumbukumbu za Kompyuta



Kila mkaazi anakijua kitabu cha OB katika kituo cha polisi. Jambo likiripotiwa, huandikwa humo kwa saa na tarehe, na aliyeripoti hupewa nambari. Kompyuta nayo ina kitabu chake. Mtu anapoingia kwa nenosiri, anapolikosea, au huduma inapokwama, mashine huandika mstari mmoja. Mistari hiyo ndiyo kumbukumbu za mfumo.

Mtindo wa syslog, ulioanzishwa na Mmarekani Eric Allman miaka ya 1980, huwezesha mashine nyingi kutuma mistari yao kwa seva moja. Chukua mfano wa seva mjini Kitui inayopokea ujumbe wa kompyuta za Mwingi na Mutomo, au seva ya Wote inayopokea kutoka Makindu na Mbooni. Fundi mmoja huona yote bila kupanda matatu.

Hatari inaanzia hapo hapo, kwa kuwa seva pia ina ujumbe wake yenyewe. Isipopangwa vizuri, ujumbe wake na ule wa mbali huingia faili moja. Mtu akijaribu nenosiri mara mia usiku katika kompyuta ya Makindu, mkaguzi anaweza kudhani kwamba iliyoshambuliwa ni seva ya Wote. Karani wa zamu huko ataitwa kujieleza kwa kosa asilolijua.

Kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, jina si ushahidi. Jina la mashine lililo ndani ya ujumbe huandikwa na mtumaji, na kompyuta mbili zinaweza kuitwa "mapokezi". Seva yenye programu ya rsyslog huweka pia anwani iliyoiona yenyewe wakati wa kupokea. Kwa ujumbe wake wa ndani, anwani hiyo huwa 127.0.0.1. Afadhali kuchuja kwa anwani kuliko kwa jina.

Pili, neno "local" lisiwapotoshe mafundi. Lebo za local0 hadi local7 hupanga ujumbe kwa aina tu. Hazisemi kwamba ujumbe umetoka katika seva yenyewe.

Tatu, kila njia ya kuingilia iwe na kanuni zake. Ujumbe wa mtandao uhifadhiwe katika faili la kila mtumaji, na wa ndani ubaki kwake. Njia ya zamani ya UDP, kwenye lango 514, haimthibitishi mtumaji, na anwani yake inaweza kughushiwa. TLS yenye vyeti, ambayo kwa kawaida hutumia lango 6514, ni salama zaidi.

Nne, ujumbe ukipitia kompyuta ya kati, seva huona anwani ya hiyo ya kati, wala si ya mtumaji wa kwanza. Kwa hivyo utenganishaji ufanyike huko kabla ya ujumbe kupelekwa mbele. Saa za mashine zote nazo zilingane.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu taasisi ijue kwamba data za watu zimefikiwa bila idhini na kuna hatari ya kweli kwao. Hizo ni siku 3. Siku 2 zikiishia katika kutafuta ni mashine ya mji gani iliyoingiliwa, mgonjwa ambaye faili lake limesomwa atachelewa kujua, na aliyelisoma atapata nafasi ya kufuta nyayo zake.

Mradi wa kompyuta unapojadiliwa katika kikao cha ushirikishaji wa umma, mwananchi aulize: kumbukumbu zinahifadhiwa wapi, na ujumbe wa mbali unatofautishwaje na wa hapa? Swali hilo linaweza kujibiwa bila kutoa nenosiri la mtu yeyote.