Zungusheni kwa Mkono Kwanza

Leo tuongee juu ya injini ya dizeli ya mashine ya posho, hasa ile siku fundi anamaliza kuifunga upya. Wote tunataka kuisikia ikinguruma. Ngojeni kidogo.

Krankshafti ikizunguka mara 2, kemshafti huzunguka mara 1. Ndiyo sababu gia zake zina alama. Alama zisipolingana, valvu hufunguka wakati usiofaa na pistoni inaweza kuigonga. Valvu ikipinda, pesa za kikundi zimekwenda.

Hata alama zikilingana, tupime nafasi. Moshi ukimalizika kutoka, pistoni iko juu na valvu zote 2 ziko wazi kidogo. Hedi ikiwa imechongwa, au gasketi mpya ni nyembamba, hapo ndipo zinakaribiana.

Basi tufanye hivi. Wekeni plastisini ya watoto juu ya pistoni, mpake mafuta kidogo. Fungeni hedi na gasketi yake, rekebisheni tapeti, toeni nozeli. Zungusheni kwa mkono, polepole, raundi 2 kamili. Ikikwama, msilazimishe. Halafu fungueni hedi, kateni plastisini pale ilipobonyea, mpime unene na kulinganisha na kitabu cha injini hiyo. Safisheni yote kabla ya kufunga.

Fundi akisema hakuna haja, mwambieni kwa heshima: mashine ni ya kikundi, nasi tunataka kuona. Kungoja nusu siku ni nafuu kuliko kununua valvu na pistoni.