Daftari la Madeni na Uhai wa Duka la Familia Kitui na Makueni

1. Suala lenyewe

Kila supamaketi inapofunguliwa Wote, Mwingi au Emali, husemwa kwamba duka la familia limefika mwisho wake. Historia ya karibuni haiungi mkono utabiri huo. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa 1975, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, kisha ikaanza tena kufunga tawi baada ya tawi. Wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuivunja Januari 2020, na Tuskys haikukawia kuporomoka. Miaka hiyo hiyo, katika masoko kama Mutomo, Tawa na Kathonzweni, duka la rejareja lenye kaunta ya mbao liliendelea kufunguliwa alfajiri. Tofauti moja inastahili kuangaliwa. Kampuni zile kubwa zilianguka zikiwa zinadaiwa na walioziletea bidhaa, ilhali duka la familia huishi likiwa linawadai wateja wake. Makala hii inadai kwamba siri ya maisha marefu ya duka hilo iko hapo: limejifunza kukopesha kwa kufuata mvua, na ujuzi huo huchukua kizazi kizima kukusanywa.

2. Mvua na daftari

Ukambani, ziliko kaunti hizi mbili, kuna misimu miwili ya mvua, lakini mkulima wa Kitui na Makueni huitegemea zaidi ile ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi, kunde na ndengu za msimu huo huvunwa baada ya mwaka mpya, na mbaazi zilizopandwa pamoja nazo husubiri hadi katikati ya mwaka. Kipindi kigumu ni Novemba na Desemba, shamba likiwa limestawi na ghala likiwa tupu, huku karo ya Januari ikibisha hodi. Hapo ndipo daftari la kaunta linapofanya kazi. Kila nyumba ina ukurasa wake, mara nyingi kwa jina la mama wa fulani: sukari nusu, mafuta ya kupima, chumvi, kiberiti, unga pakiti mbili. Mavuno yakiingia, mwenye deni huleta pesa, au ndengu zinazopimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na ukurasa hupigwa mstari. Mwenye duka mzoefu hategemei wakulima peke yao. Huchanganya nao walimu wanaolipwa mwisho wa mwezi, wazee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada wa fedha, ambao shilingi zao 2,000 za mwezi zimezoea kuchelewa na kuja kwa mkupuo, na wazazi wanaotumiwa pesa na watoto walioko Nairobi au Mombasa, jambo lililorahisishwa na M-Pesa tangu 2007. Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mchanganyiko huo ulikuwa na thamani kubwa. Duka lenye wakulima watupu daftarini lilikuwa linangoja mavuno yasiyokuja, na lenye mchanganyiko lilipata angalau pesa za kurudi kwa muuzaji wa jumla.

3. Kwa nini familia

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kazi hii isifanywe na mwajiriwa. Jibu ni kwamba daftari huandika kiasi cha deni tu, haliandiki tabia ya mdaiwa. Nani hulipa hata akivuna debe moja, nani ana mtoto anayetuma pesa, nani ameuza mbuzi wa mwisho: hayo hukaa kichwani mwa aliyekulia nyuma ya kaunta. Urithi nao huthibitisha hoja. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inawapa wana na mabinti haki ya kugawana ploti na bidhaa. Haiwezi kugawa imani ya wateja. Mwanzilishi akifariki kabla ya kumweka mmoja wa watoto wake kwenye kaunta, wadaiwa hunyamaza, rafu huwa tupu, na jengo hupangishwa kwa mgeni. Duka linalovuka kizazi ni lile ambalo mke, binti au mkaza mwana alishika kalamu ya daftari mzee akiwa hai.

4. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mkopo wa simu umelifuta daftari. Lakini tutazame masharti. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 2022, una riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, ila hulipwa ndani ya siku 14. Ndengu hazikomai kwa siku 14. Fuliza, mkopo wa M-Pesa, nayo hukata deni mara tu pesa yoyote inapoingia, hata iwe ya karo. Isitoshe, pesa bila bidhaa haishibishi: moja ya njaa za Ukambani za miaka ya 1980 inakumbukwa kwa jina Nikw'a Ngwete, kilio cha mtu anayekufa pesa zikiwa mkononi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba maskini hulipa ghali. Ni kweli. Sukari ya kupimiwa huzidi bei ya pakiti, na wapo wenye maduka wanaochukua ndengu za wadaiwa wakati bei imeshuka kabisa, wakazihifadhi hadi ipande. Hata hivyo, supamaketi yenye bei ya chini haimuuzii asiye na shilingi. Ubaya huo unadai dawa, hauondoi hoja. Pingamizi la tatu ni kwamba deni ndilo linaloua maduka. Nalo ni kweli kwa anayemkopesha kila mtu. Aliyebobea hupunguza mkopo mvua zikikatika: unga na chumvi huandikwa, soda na mkate hulipiwa papo hapo.

5. Mapendekezo

Ikiwa daftari ni sehemu ya usalama wa chakula, sera iliangalie hivyo. Kwanza, serikali za kaunti ziruhusu leseni ya biashara ilipwe kwa awamu mwaka unaofuata msimu uliofeli. Pili, vyama vya akiba na mikopo vikubali daftari lililotunzwa vizuri kuwa ushahidi wa uwezo wa kukopa, ili mwenye duka naye apate mtaji unaongoja mavuno. Tatu, Inua Jamii ilipwe kwa wakati, kwa sababu mwezi unaochelewa Nairobi hugharimiwa na mwenye duka wa Zombe, bila riba na bila shukrani. Nne, maghala ya vyama vya ushirika yaimarishwe, mkulima aweze kungoja bei nzuri badala ya kulipa deni kwa ndengu za bei ya chini. Hilo la mwisho litampunguzia faida mwenye duka mwerevu, lakini litamwachia wateja wenye uwezo wa kulipa, na hao ndio waliolifikisha duka lake hapa lilipo.