NENO "KUVUTA" NA KAZI YA KARANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Temeke)



Nimechagua neno moja dogo ambalo hapana mtu asiyelitumia, nalo ni "kuvuta". Huenda mtu akauliza, Je, watumishi wa Serikali wana haja gani na neno ambalo hata mtoto alijua? Jibu langu ni hili: neno gumu hulitafuta katika kamusi, lakini neno jepesi kila mtu hudhani alijua, na humo ndimo makosa mengi yaingiamo.

Tuanze na Kiingereza. Mwingereza ana neno lake "pull". Hulitumia kwa kamba, na hulitumia kwa jino, ambalo kwetu hung'olewa. Hulitumia kwa gari lisimamapo kando ya njia, na kwa mgonjwa aponaye baada ya watu kukata tamaa. Tena husema kwamba fulani avuta nyuzi, maana yake ajipatia jambo kwa siri kwa msaada wa wakubwa awajuao. Mwenye kufasiri hayo yote kwa neno letu moja atawachekesha watu, au atawapoteza.

Sasa tutazame la kwetu. Mvuvi avuta nyavu, baharia avuta makasia, mwingine avuta tumbaku, na sote twavuta pumzi. Twaambiana tuvute subira. Bidhaa njema humvutia mnunuzi. Mwalimu wa sayansi hufundisha uvutano, yaani nguvu ile iangushayo embe chini na kuuzuia mwezi usiiache dunia. Na mwenye nyumba wa Mbagala au wa Tandale asemapo ataka kuvuta maji, au kuvuta umeme, haombi kamba wala ndoo. Aomba bomba au waya ufikishwe nyumbani kwake.

Walakini neno hili halikuachiwa mzigo wote. Kitu kizito kiendacho kwa taabu hukokotwa, ndipo tukapata jina la mkokoteni, ule tuuonao Tandika umejaa magunia. Kitu kipitacho kikikwaruza ardhi huburutwa. Basi kumvuta mtu, kumkokota na kumburuta si jambo moja.

Hapo ndipo penye uzito. Kwa miaka mingi shahidi alisema kwa Kiswahili, na katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Tuseme shahidi asema, "Alinivuta." Je, alishikwa mkono kwa nguvu, au alishawishiwa kwa maneno matamu? Mwandishi akiandika la kwanza, mtu ashitakiwa kwa kupiga au kushambulia. Akiandika la pili, hapana mkono uliomgusa mtu. Basi asiye na kosa aweza kufungwa, au aliyedhulumiwa akakosa haki yake, kwa sababu ya swali moja lisiloulizwa.

Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Ni jambo la kushukuru. Lakini neno halikupungukiwa na maana zake kwa kutungwa sheria hiyo. Bado yampasa anayeandika kuuliza, "Alikuvuta vipi?"

Ndivyo ilivyo na dirishani petu. Mzee akija kusema ataka kuvuta maji, na fomu yasema kuunganishiwa huduma, maneno ni mawili na haja ni moja. Kazi yetu ni kuyakutanisha, wala si kumrudisha mzee kwao.

Wahenga walisema, mwamba ngozi huvutia kwake. Ofisi nazo zina tabia hiyo, ila kwa kazi ngumu kila moja husukumia mwenzake. Zikivutana hivyo juu ya faili moja, kamba hukatikia pembamba, na pembamba ni yule mwananchi aliyelipa nauli mara tatu kutoka Mbagala bila kupata jibu.

Mwaka 1922, huko Tanga, watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika waliunda chama chao, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao. Karani wa zama zile alikaa kati ya lugha mbili, na mtu asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kujua kama neno lake limeandikwa sawasawa. Amana ile ndiyo tuliyorithi.

Basi naleta mashauri mawili. La kwanza, kila ofisi iwe na daftari la maneno yaliyowahi kuleta mashaka, pamoja na maana zake, ili karani mgeni ajifunze. La pili, maelezo ya mtu asomewe mwenyewe kabla hajatia sahihi au dole gumba, naye aulizwe, "Je, hivi ndivyo ulivyosema?" Kazi hii haihitaji fedha, yahitaji dakika chache tu.