Mashine ya Kufua Haichoti Maji

(Hotuba ya mfanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii katika siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa kwa ombi la wanavikundi waliokuwapo.)



Nimeambiwa kwamba baadhi yenu mmeanza merigorandi ya mashine za kufulia nguo, kila mama apate yake aiweke jikoni. Nawapongeza. Kuinamia karai kila Jumamosi si kazi ndogo, na mgongo hauna spea. Lakini kabla pesa hazijatoka, nataka niwape kisa cha kwetu, hata kama kinatuaibisha kidogo.

Mama yetu amepita miaka sabini. Vidole vyake vilianza kukataa kukamua nguo. Sisi watoto tukachanga. Tukapima nafasi kando ya sinki: sentimita 60 kwa upana, 85 kwenda juu. Tukanunua mashine yenye mlango wa mbele, ile inayofanya kazi yote yenyewe. Siku ya kuiwasha majirani walikuja kuona. Tukabonyeza. Taa ikawaka, ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Kumbe inangoja maji. Ikangoja mwaka mzima na zaidi! Mama akaitandikia kitambaa, akapanga juu yake sufuria za wageni. Nguo zikaendelea kufuliwa na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, kila Jumamosi, wakati wenzake wanasoma.

Kosa lilikuwa wapi? Fundi alitoka nje, akatuonyesha tangi. Liko juu ya jukwaa la mita moja tu. Mashine za aina ile hutaka maji yaje kwa nguvu. Nyingi hutaka tangi liwe mita 3 hadi 5 juu ya mashine, nyingine hata mita 10. Huandikwa kwenye kijitabu chake. Sisi tulipima jikoni, hatukupima tangi. Tena tulimwuliza mwenye duka, hatukumwuliza anayefua.

Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka wa 2015, stima imefika katika maboma mengi. Lakini mfereji haukufuata nguzo za stima. Kwa hivyo swali la kwanza si "Mashine gani ni nzuri?" Swali ni, "Maji ya nyumba yangu yanatoka wapi, na ni nani anayeyachota?"

Sasa tuangalie aina mbili ambazo wengi wenu mnazifikiria.

Kwanza, ya mlango wa mbele. Hii haitumii maji mengi. Ya kilo 7 hutumia kama lita 50 kwa mzigo mmoja, yaani mitungi miwili na nusu. Inaingia vizuri chini ya meza ya jikoni. Lakini inataka mfereji wenye nguvu, na sabuni isiyotoa povu jingi. Ikipasha maji moto inavuta stima kama wati 2,000, kwa hivyo fua kwa maji baridi ukitaka tokeni zikae. Na kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, mwambie fundi atoe zile bolti za nyuma zilizowekwa kwa ajili ya safari. Usipozitoa, itatetemeka mpaka iharibike.

Pili, ya vyumba viwili, kimoja cha kufua na kingine cha kukamua. Hii unaijaza kwa ndoo, haijali tangi liko wapi. Nyingi hutumia wati 500 au chini ya hapo. Maji ya sabuni ya nguo nyeupe unaweza kufulia za rangi. Ubaya wake ni kwamba lazima usimame nayo, uhamishe nguo kwa mkono, na ukisuuza mara mbili maji yanafika mitungi mitano au zaidi. Haikai chini ya meza kwa sababu inafunguliwa juu. Na mtoto asitie mkono kwenye kikamulio kabla hakijasimama kabisa.

Kuhusu jikoni penyewe. Kama unapika kwa kuni, usiiweke humo. Moshi na masizi vitaimaliza. Sakafu iwe ya simiti na iliyo sawa. Soketi iwe na waya wa ardhi, iwe mbali na sinki, na usitumie waya wa kuunganisha. Ziba matundu ya panya, maana wanapenda kutafuna nyaya. Nepi za mtoto zisafishwe kwanza nje, na maji machafu yasimwagwe kwenye sinki la vyombo.

Kikundi kisinunue mashine za namna moja kwa sababu tu mwenye duka amepunguza bei. Mama Wairimu ana tangi juu ya kilima, mama Atieno anateka kisimani. Mahitaji yao si sawa.

Je, kwetu iliishaje? Mashine ile tulimpa kaka anayekaa mjini penye mfereji. Mama tukamnunulia ya vyumba viwili. Lakini hata hiyo ilihitaji mitungi mitano, na mjukuu ni yule yule. Hapo ndipo tulipokaa kama jamaa tukaongea. Leo wavulana wa boma ndio wanaojaza maji Ijumaa jioni, na msichana anasoma Jumamosi asubuhi. Mashine ilikamua nguo. Kugawana kazi tulilazimika kufanya wenyewe.



Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Nyumbani kwako nani anafua, na nani anachota maji? Je, aliulizwa?
2. Tangi lako liko mita ngapi juu ya mahali mashine itakapokaa?
3. Mashine ikiharibika, fundi na spea viko wapi?
4. Je, pesa hizo zingefaa zaidi kununua tangi kwanza?