Mlango wa Rufani Hufunguliwa Lini?



Wahenga wametuachia methali mbili zinazoshindana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo nataka tuone jinsi sheria ya kufilisika ya Marekani inavyojaribu kuzitii zote mbili.

Kwa kawaida mtu hukata rufani kesi ikisha. Kama kila amri ndogo ingekatiwa rufani, kesi zisingekwisha, na mwenye fedha za mawakili angemchosha asiye nazo. Lakini kesi ya kufilisika ni moja kwa jina tu; ndani yake mna mashauri mengi: nani anadai, anadai kiasi gani, mali ipi iuzwe. Yakingojewa yote yaishe, mali itakuwa imekwisha kugawanywa kabla kosa halijasahihishwa. Kwa hiyo sheria huruhusu rufani shauri moja la ndani linapofikia mwisho wake.

Ugumu ni kuutambua mwisho huo. Mdaiwa mmoja wa Massachusetts alidaiwa na benki dola 346,000 hivi kwa rehani ya nyumba, naye akaikadiria nyumba kuwa na thamani ya dola 245,000 tu. Mpango wake wa kulipa ulikataliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba kukataliwa huko si mwisho, maadamu mdaiwa aweza kuleta mpango mwingine. Alibisha hodi mapema mno.

Mwaka 2020 mambo yakageuka. Kampuni moja ya Tennessee ilikuwa imeomba iruhusiwe kuendelea na madai yake nje ya mahakama ya kufilisika, ikanyimwa. Ilingoja, ikakata rufani baadaye. Mahakama hiyo hiyo ikasema amri ile ilikuwa ya mwisho, na siku 14 za kukata rufani zilikuwa zimepita. Huyu alichelewa.

Ni kweli kwamba kwa amri zisizo za mwisho mtu aweza kuomba ruhusa ya kukata rufani, na tangu mwaka 2005 mahakama ya rufani yaweza kupokea baadhi yake moja kwa moja. Lakini ruhusa si haki. Anayenyimwa hubaki na njia mbili chungu: akubali mpango asioutaka, kisha aukatie rufani, au kesi yake ifutwe, apoteze kinga iliyowazuia wadai wasimvamie. Kwa mwenye nyumba moja, hilo si jambo dogo.

Maoni yangu ni kwamba mahakama ilifanya vyema kuzuia ucheleweshaji. Hata hivyo, mzigo wa kubahatisha usimwelemee mnyonge. Hakimu atoapo amri, na aandike waziwazi kama shauri limekwisha au bado. Sentensi moja kama hiyo ingemwonyesha mdaiwa na mdai siku ya kuanza kuhesabu.