Saa ya Babu Ina Namba: Kuitambua Saa ya Mfukoni ya Kimarekani na Kuipata Miaka Yake

Mhadhara wa umma, Liparamba, Wilaya ya Nyasa



Nimeombwa kuzungumza juu ya vitu vya kale, nami nimechagua kitu kinachoenea kiganjani: saa ya mfukoni iliyotengenezwa Marekani. Hoja yangu ni hii. Saa ya namna hiyo ni hati. Imeandikwa na kiwanda na kupewa namba, na namba hiyo inaweza kututajia mwaka ambao hakuna karatasi ya ukoo inayoutaja. Lakini hati hii inamfaa tu anayejua aanzie wapi kuisoma, na thamani yake hubaki kamili ikiwa bado ipo pamoja na simulizi ya waliokuwa nayo.

Njia ya pembe, njia ya saa

Bidhaa za Marekani zilifika kwetu kabla ya Wamarekani wenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akaanza kazi Unguja kama balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Meli zao zilishusha majora ya merekani, zikapakia pembe za ndovu na sandarusi. Pembe za nchi za Ziwa Nyasa zilisafirishwa na misafara ya Wayao hadi Kilwa, zikiwa mabegani mwa watu, na baadhi ya watu hao waliuzwa pwani pamoja na mzigo waliobeba. Pembe nyingi zilizovuka bahari kwenda Marekani zilikatwa vibao vya piano katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut. Katika jimbo hilohilo, mjini Waterbury, ndiko zilikokuja kutengenezwa saa za bei nafuu zilizosambaa duniani.

Huku kwetu saa ziliingia kwa milango mingi. Kulikuwa na wamisionari wa Peramiho na wa Liuli, maofisa wa serikali mbili za kikoloni, na wafanyabiashara wa mijini. Kulikuwa pia na vijana wa Kingoni, Kimatengo na Kinyasa waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, au migodini kusini, wakarudi na kitu cha kuonyesha kwamba walifika mbali. Baadaye fedha ya kahawa ya milima ya Umatengo ikampa mkulima uwezo wa kununua mwenyewe. Kwa hiyo tunapokuta saa ya mfukoni katika sanduku la marehemu, swali la kwanza liwe ilipitia mlango gani. Swali la bei lingoje.

Kwa nini saa hizi zina mwaka

Zamani saa ya Uswisi au ya Uingereza ilipita mikono ya mafundi wengi, kila mmoja akitengeneza kipande chake, na mara nyingi jina usoni lilikuwa la muuza duka. Mwaka 1850 Aaron Dennison na wenzake, Edward Howard na David Davis, walianzisha kazi tofauti huko Roxbury, karibu na Boston. Dennison alivutiwa na kiwanda cha bunduki cha serikali cha Springfield, ambako kila kipande kilitoka mashineni kwa kipimo kimoja, kiasi kwamba kipande cha bunduki hii kiliingia katika bunduki ile. Alitaka saa itengenezwe hivyo. Mwaka 1854 kiwanda kilihamia Waltham, na jina la mji huo likawa jina la saa. Mwaka 1864 ikaundwa kampuni nyingine huko Illinois, na kiwanda chake kikajengwa katika mji wa Elgin. Saa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1867 ikiwa na namba 101, na hadi kampuni ilipoacha kazi hiyo ilikuwa imetengeneza saa karibu milioni 60.

Namba zinatokana na utaratibu huo. Saa zilipotengenezwa kwa maelfu, kiwanda kililazimika kuandika daftarini kwamba kuanzia namba hii hadi namba ile ni saa za daraja fulani, zenye mawe kadhaa ya kushikia ncha za magurudumu, za mwaka fulani. Fundi aliyehitaji kipuri aliandika namba, akapelekewa kipande kinachoingia. Daftari lililowekwa kwa ajili ya vipuri ndilo leo linalotupa tarehe. Waswisi waliyaona hayo mapema. Walipofika kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, mhandisi wao Jacques David alirudi na ripoti ya kuwaonya wenzake kwamba wasipobadilika soko litawaponyoka.

Tuanze na ufunguo

Kabla ya kutafuta namba, tazama saa inajazwaje. Hapa nitamtaja mtu ambaye historia yetu haijampa haki yake: Abdullah Susi. Mwaka 1866 msafiri Livingstone alipanda kutoka Mikindani akafuata bonde la Ruvuma, akiwa na Susi huyo na Chuma, kijana wa Kiyao. Miaka saba baadaye, alasiri ya tarehe 30 Aprili 1873, alikuwa amelala hoi katika kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu. Susi na Chuma walisimulia baadaye kwamba aliomba aletewe saa yake. Akamwelekeza Susi jinsi ya kuishika kiganjani, kisha yeye mwenyewe akazungusha ufunguo polepole. Kabla ya mapambazuko alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda. Jacob Wainwright alipoandika orodha ya vitu vilivyokuwamo masandukuni, aliandika saa moja, pamoja na dira na vipimo.

Sisemi saa ile ilikuwa ya Kimarekani. Nasema ilijazwa kwa ufunguo, na Susi alitakiwa kuikamata vizuri kwa sababu mgonjwa hakuwa na nguvu ya kufanya kazi hiyo ya mikono miwili. Saa ya ufunguo ina tundu dogo la mraba nyuma, na nyingine ina tundu la pili la kurekebishia mishale. Kwa saa za Kimarekani, hiyo ni dalili ya miaka ya 1850 hadi 1880 hivi. Kichwa cha kuzungushwa kwa vidole kilianza kuenea miaka ya 1870, na kufikia miaka ya 1890 ufunguo ulikuwa umekwisha katika saa mpya za maana. Ukiona kichwa cha kujazia, basi simulizi ya saa ya zama za Livingstone inahitaji ushahidi wa nguvu zaidi.

Mashine kwanza, kasha baadaye

Kosa linalowapoteza wengi ni kusoma namba ya kasha. Kiwanda cha saa cha Marekani kiliuza mashine peke yake. Mnunuzi alichagua kasha dukani kulingana na mfuko wake, na kasha lilitoka kampuni nyingine kama Keystone, Fahys au Dueber, likiwa na namba zake zisizohusiana na mashine. Namba tunayoitaka imechongwa kwenye bamba la mashine, ndani, pale magurudumu yanapoonekana. Kama kifuniko ni cha nati, kizungushe taratibu kinyume cha saa kwa vidole vikavu. Kama kina bawaba, tafuta ukingo mdogo uingize ukucha. Usitumie kisu cha jikoni. Alama ya kisu haifutiki, na kikiteleza hukata gurudumu la mizani.

Ukishafungua, soma jina kamili la kampuni, kwa maana majina yalibadilika. Saa ya Waltham iliyoandikwa American Watch Co. ni ya kati ya 1859 na 1885. American Waltham Watch Co. huanzia 1885 hadi karibu 1906. Waltham Watch Co. ni ya baada ya hapo. Saa ya Elgin iliyoandikwa National Watch Co. bila jina la mji mwanzoni huelekeza kabla ya 1874. Halafu soma namba. Elgin yenye namba karibu na milioni 15 ni ya mwaka 1910 hivi. Waltham ya mwaka huohuo imekwisha kupita milioni 17. Ndiyo maana namba bila jina la kampuni haisemi kitu.

Pima pia ukubwa wa bamba la mashine. Wamarekani waliita saizi 18 bamba la milimita 44.9, saizi 16 milimita 43.2, na saizi 12 milimita 39.8. Saizi 18 ndiyo saa nene ya karne ya 19. Saizi 16 ikashika nafasi mwanzoni mwa karne ya 20. Saizi 12, nyembamba ya suti, ilipendwa sana miaka ya 1920. Hesabu na mawe mekundu yanayoshika ncha za magurudumu: 7 ni saa ya kawaida, 15 au 17 ni nzuri, 21 au 23 ni ya daraja la juu.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kufundishia. Familia inaamini saa yao ni ya Mjerumani, kwamba ofisa wa Kijerumani alimpa babu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tunafungua. Mashine imeandikwa Waltham Watch Co., na namba inaanzia milioni 19. Hiyo hutupeleka mwaka 1913 au 1914. Mpaka hapo simulizi inaweza kusimama.

Sasa tunageukia kasha, kwa sababu hili ni la fedha na lina mihuri: nanga, simba anayetembea, na herufi ndogo q. Nanga ni alama ya ofisi ya kupimia madini ya Birmingham, Uingereza, na simba ni alama ya fedha halisi. Herufi hubadilika kila mwaka, na katika mzunguko ulioanza na a mwaka 1900, bila kutumia j, herufi q ni ya 1915 kuingia 1916. Si ajabu kasha la Birmingham kubeba mashine ya Massachusetts. Aaron Dennison huyuhuyu alihamia Birmingham akaanzisha kiwanda cha makasha, na mashine nyingi za Waltham zilizouzwa katika himaya ya Waingereza zilivikwa makasha yake. Ndiyo maana saa ya Kimarekani inayopatikana Afrika Mashariki huenda ikawa na vazi la Kiingereza.

Basi kasha lilipigwa muhuri Birmingham wakati Mwingereza na Mjerumani wako vitani. Saa hii haikuweza kuwa mkononi mwa Mjerumani kabla ya 1914. Ingeweza kutekwa vitani, hilo halikataliki. Lakini lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba ilikuja na Waingereza, ambao majeshi yao yaliyotoka Nyasaland yaliingia Songea Septemba 1916, au ilikuja miaka ya baadaye. Je, babu alisema uongo? Hapana. Pengine alikuwa tengatenga, yaani mpagazi wa jeshi, katika vita hivyo, na kwa vitukuu vyake vita vyote vya wakati ule vikawa vya Mjerumani. Namba imesahihisha mwaka, na hapohapo imetuletea swali bora zaidi la kuwauliza wazee waliobaki.

Majina yanayodanganya

Tuanze na neno la reli. Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na saa ya mfanyakazi iliyopoteza dakika chache ikatajwa kuwa chanzo. Kampuni za reli zikamtumia sonara Webb C. Ball kusimamia ukaguzi wa saa. Masharti yakawa makali: saizi 18 au 16, mawe yasiyopungua 17, tarakimu zinazosomeka wazi, na kosa lisilozidi sekunde 30 kwa wiki. Sifa hiyo ikaigwa. Zipo saa duni zilizochorwa treni mgongoni na kuandikwa neno la reli usoni, ambazo hazikupita ukaguzi wowote. Mchoro si ushahidi. Fungua mashine uhesabu mawe.

Dhahabu nayo ina mitego. Kasha lililoandikwa dhamana ya miaka 20 si la dhahabu tupu. Ni ganda la dhahabu juu ya madini mengine, na miaka hiyo ni muda ambao muuzaji aliahidi halitachubuka. Maandishi hayo yalikomeshwa Marekani mwaka 1924, kwa hiyo yanasaidia pia kukadiria umri. Na usiidharau saa ya bei ndogo. Ingersoll Yankee ya mwaka 1896, iliyotengenezwa Waterbury, iliuzwa dola moja na haikuwa na jiwe hata moja, lakini saa za namna hiyo ndizo zilizoingia katika mifuko ya vibarua. Kwa historia ya watu wa kawaida, Ingersoll iliyochakaa inaweza kusema mengi kuliko saa ya dhahabu ya gavana.

Wajibu wetu

Madalali hupita vijijini wakiulizia rupia za Mjerumani, na vitu vingine vya kale hukokotwa humohumo. Wananunua kwa uzito wa madini, wanayeyusha kasha, wanatupa mashine. Hapo hati imechanwa. Wengine hawauzi, bali wanaing'arisha kwa mchanga na majivu hadi herufi za mihuri zinafutika, na unyevu wa ziwani unamalizia chuma cha ndani. Usiing'arishe, usiilazimishe kutembea kabla fundi hajaisafisha, na iweke pakavu.

Ombi langu kwa walimu wa sekondari za Wilaya ya Nyasa na Mbinga ni kwamba kila shule ifungue daftari moja la vitu vya kale. Mwanafunzi aandike jina la kampuni, namba ya mashine, mihuri ya kasha, na picha ya simu ya kila upande. Chini yake aandike, kwa maneno ya mzee mwenyewe, saa ilitoka wapi, nani aliivaa, na alikuwa akifanya kazi gani. Mali ibaki kwa wenyewe. Nakala ya daftari ipelekwe Makumbusho ya Majimaji, Songea. Namba itangoja, kwa kuwa imechongwa katika chuma. Mzee anayejua babu alirudi na saa hiyo kutoka Tanga au kutoka vitani hatangoja. Kwa hiyo anzeni na mzee, kisha mfungue saa.