Kabla Nyumba Haijabomolewa: Kazi Iliyo Mbele ya Kamati Zetu

(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia, Bagamoyo)



Nimeombwa nizungumze juu ya nyumba inayosubiri kubomolewa. Jambo hili si geni pwani yetu. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta ilipopanuliwa, majengo kandokando yake yaliondolewa. Makubaliano ya mradi wa bandari huku Bagamoyo yalitiwa saini mwaka 2013, mazungumzo yakasimama mwaka 2019, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza kuyafufua. Kwa familia za jirani na mradi, miaka hiyo yote ilikuwa na swali moja: nipande mnazi au nisipande? Niezeke upya au nisubiri?

Neno langu leo ni moja. Mashine hubomoa nyumba kwa muda mfupi, lakini haki ya mwenye nyumba huandaliwa miezi mingi kabla. Hapo ndipo kamati inapohitajika.

Kwanza, tujue nyumba imesimama wapi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekuwa na nyumba yake kihalali katika zile meta 7.5 zilizoongezwa ana hoja ya kudai fidia. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani kwa kawaida hupewa notisi tu. Kwa hiyo alama ya X ukutani isitutie hofu tukakaa kimya. Tuchukue tepu, tupime pamoja na mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na tuandike vipimo.

Pili, siku ya mthamini. Ardhi inapotwaliwa, fidia si bei ya kuta peke yake. Kuna thamani ya ardhi na nyumba, miti kama minazi, miembe na mikorosho, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo, posho ya makazi inayokadiriwa kwa kodi ya miezi 36, na faida inayopotea kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema tathmini hudumu miaka miwili. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba hudaiwa.

Namkumbuka mama mmoja mjane. Siku ya tathmini alikuwa ameenda kumuuguza mama yake. Shemeji yake akasaini kwa niaba yake. Choo cha nje hakikuandikwa, wala minazi 11 iliyo nyuma ya jiko. Aliporudi na kulalamika aliulizwa ushahidi, naye hakuwa hata na picha moja. Sisi majirani tuliokula madafu ya minazi ile tulikuwepo siku ile, na hakuna aliyefungua mdomo. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Basi kila nyumba ipigwe picha, miti ihesabiwe, na nakala za fomu zibaki kwa mwenye mali.

Tatu, familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Roho hiyo hiyo itawale kwenye fidia: mume na mke wakae pamoja, wajue kiasi, na waamue kiwanja kipya kabla fedha haijaanza kutumika. Kama mwenye nyumba ni marehemu, msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani mapema. Wapangaji nao waambiwe, maana nao wana watoto wa shule. Na kama kuna makaburi, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inatambua gharama za kuyahamisha, kuzika upya na ibada zake. Ndugu wa marehemu washirikishwe pamoja na padri, mchungaji au shehe wao.

Nne, tuokoe vinavyookoleka. Mwenye nyumba aombe kibali cha maandishi cha kuvunja mwenyewe. Umeme ukatwe na fundi wa TANESCO na maji yafungwe. Yaanze kutoka mabati, kisha mbao za kenchi, milango na fremu, halafu tofali kutoka juu kwenda chini. Watoto wakae mbali. Misumari iokotwe, na shimo la choo lifukiwe. Bati lililotolewa vizuri litaezeka nyumba nyingine. Lililokandamizwa na mashine huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa wafadhili wetu: hatuwaombi mjenge nyumba mpya kwa kila aliyebomolewa. Tunaomba nauli ya kufika kwa mwanasheria, gharama za picha na nakala, lori la siku moja, na turubai la kujikinga na mvua za masika. Vitu hivi ni vidogo, lakini vikichelewa havina kazi tena.

Ndugu wajumbe, X haiulizi kama aliye ndani ni Mkristo au Mwislamu. Nasi tusiulize. Mkirudi makwenu, piteni kwanza kwa mjane na kwa mzee asiyejua kusoma. Muulizeni: karatasi zako ziko wapi, na nani ataketi nawe siku ya mthamini?